Sura ya Sita: Wanaotoa Ni Waliovuta Pazia

Walimu wanaosimamia makundi ya maigizo, kuanzia Rumonge mpaka Nyanza-Lac, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, wana kauli moja: wanafunzi wetu wa zamani hawana kitu, mwenye kitu ni mmoja, yuko Bujumbura, na hapokei simu. Basi mchezo wa muziki na vichekesho wa mwisho wa mwaka unachezwa darasani bila vyombo, au unasubiri majibu ya barua iliyopelekwa kwa shirika la nje. Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike sura hii, maana haina ukweli hata chembe.

Nilipanga kueleza kwa mpangilio orodha, ombi na hesabu. Lakini lazima kwanza niiondoe njiani habari ya nyota. Wako wanaoamini kwamba shule fulani hupata michango kwa kuwa nyota yake inang'aa, na wako wanaokwenda kwa mganga kuisafisha ya kwao. Ni upuuzi, tena upuuzi unaokula pesa ya mafuta ya jenereta. Ukitaka kuomba mchango katika mwambao huu, angani tazama mwezi tu. Ndagala, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa, taa haiwavuti samaki, mitumbwi inalala ufukweni na pesa inaadimika. Kwa hiyo mhitimu anayevua au kuanika ndagala aombwe wakati wa giza, soko likiwa limechangamka. Mchezo wenyewe uwekwe siku za mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu. Anayekamua mawese ana msimu wake, mwalimu ana mwisho wake wa mwezi. Ujumbe mmoja kwa watu wote siku moja ni uvivu. Na wale wakufunzi wa semina wanaowaagiza vijana watengeneze kwanza "chapa" ya kundi, sijaona chapa iliyonunua hata mita moja ya kitambaa cha pazia.

Wala nisiambiwe kwamba Warundi hawajali maigizo. Mchezo wa redio Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri na kutayarishwa na Studio Ijambo kuanzia 1997, uliwakusanya Wahutu na Watutsi kwenye redio zao wakati vita vikiendelea.

Sasa orodha. Mchezo wa maneno matupu unaweza kuwa na waigizaji sita. Wa muziki unataka kwaya, wapiga ngoma, mpiga gitaa, wachezaji, washonaji, wa taa, wa pazia: watu arobaini si wengi. Kwa miaka kumi, hata ukiondoa waliorudia, wanaweza kupita mia mbili, lakini shule inawakumbuka wahusika wakuu wanane. Daftari liwe na safu tano: jina, mwaka, kazi aliyoifanya, mji anaoishi sasa, na mtu wa mwaka wake ambaye bado anawasiliana naye. Safu ya mji isiachwe. Watu wa Rumonge na Nyanza-Lac wametawanywa na ukimbizi wa 1972 na ule wa miaka ya 1990. Wahitimu wako Kigoma, wako Uvira, wako mbali zaidi. Na safu ya kazi ndiyo ninayoipigania kuliko zote, kwa sababu aliyevuta pazia akiombwa kama mvuta pazia anajua kwamba anakumbukwa.

Hapa mpango wangu unakatika, maana siwezi kuzungumzia orodha nikaiacha Triangle Club ya Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Ilianzishwa 1891, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa Booth Tarkington, ambaye baadaye alipata sifa kwa riwaya zake. Kila mwaka wanafunzi hutunga wenyewe mchezo mpya wa muziki na vichekesho; mwandishi F. Scott Fitzgerald alikuwa miongoni mwa watunzi wa mashairi ya nyimbo zao. Halafu hupeleka mchezo katika miji wanakoishi wahitimu. Hawakai chuoni kungoja bahasha.

Nikiitaja klabu hiyo hujibiwa: walikuwa na McCarter. Kweli, Thomas McCarter alitoa dola 250,000, na ukumbi wenye jina lake ukafunguliwa tarehe 21 Februari 1930 kwa mchezo wa Triangle, James Stewart, mwigizaji wa filamu wa baadaye, akiwa jukwaani, mwanafunzi bado. Lakini klabu nayo ilitia akiba yake katika ujenzi huo, na McCarter alihitimu 1888, kabla klabu haijazaliwa. Hakuwahi kuwa mwanachama akiwa mwanafunzi. Kilichomvuta ni kundi lililokuwa likicheza kwa karibu miaka arobaini, lenye watu wake na pesa yake. Tajiri alikuja mwishoni.

Sisi tuna barabara ya kando ya ziwa. Mchezo uliochezwa Nyanza-Lac Jumamosi unaweza kuchezwa Rumonge wiki ifuatayo, na Bujumbura baadaye, mradi wahitimu wa kila mji watafute ukumbi na mahali pa kulala vijana.

Ombi lisitoke kwa mkurugenzi. Litoke kwa mtu wa mwaka uleule, na litaje kitu: "Dada, mwaka wetu umepewa mafuta ya jenereta, lita ishirini. Wewe uliyeshika taa, tukuandikie lita ngapi?" Anayeombwa lita mbili anajua la kujibu, na anatuma pesa kwa simu, kwa Lumicash, siku hiyohiyo. Anayeombwa "chochote ulicho nacho" huahidi, na ahadi hainunui mafuta.

Hesabu ipelekwe kwa kila aliyetoa, ndani ya wiki mbili. Majina yapangwe kwa mwaka, bila kiasi, kwa sababu mwenye lita moja akiona jina lake chini ya mwenye lita kumi, mwakani hatatoa. Matumizi yaandikwe yote, na kama zilibaki lita tatu, ziandikwe lita tatu na jina la anayezitunza.