Nusu kijiko cha mama wa Maharashtra

Mama Mkubwa hajawahi kumaliza dozi. Akiandikiwa vidonge viwili humeza kimoja. Akiambiwa kijiko kizima cha dawa ya kikohozi, humimina nusu, hukiinua kwenye mwanga wa dirisha kuhakikisha hakijazidi, ndipo anywe. Ukimuuliza anakujibu bila hata kukutazama: “Dawa za hospitali kali, mwanangu. Nusu inanitosha.” Miaka yote nimeuita huo ukaidi wa wazee. Kisha nikasoma kisa cha mama mmoja wa jimbo la Maharashtra, India, na tangu hapo sina raha.

Kisa chenyewe kimo katika kitabu ambacho ndugu wawili, Tom na David Kelley, walikitoa mwaka 2013. Vijana fulani walimpelekea mama huyo sampuli ya mfuko wa kumpashia joto mtoto njiti. Juu ya mfuko palikuwa na utepe wa kipimajoto, wa namba, kama ule wanaobandika kwenye matangi ya samaki wa mapambo. Wakamweleza: mfuko uwe na nyuzi 37. Mama alisikiliza, kisha akawasimulia mambo yalivyo kijijini kwake. Dawa za kizungu zina nguvu mno, kwa hiyo daktari akisema kijiko kimoja, yeye humpa mtoto nusu, kwa usalama. Na huu mfuko? Wakisema 37, yeye angeupasha mpaka 30 hivi. Kwa usalama vilevile.

Nilirudia ukurasa huo mara tatu. Kwa mtoto wa kilo moja na nusu, asiye na mafuta ya kutosha chini ya ngozi, nyuzi 30 ni baridi inayoweza kumwua. Na mama hakukosea hesabu hata kidogo. Alikuwa amepima nguvu ya kitu cha kigeni dhidi ya udogo wa mwanawe, akapunguza, kama ambavyo mzazi yeyote mwenye akili angefanya. Wale vijana walirudi wakaziondoa namba zote. Mahali pake wakaweka alama mbili tu: joto linafaa, au halifai. Kijiko hakina nusu tena.

Vijana hao walikuwa wametoka darasani. Jane Chen alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya biashara katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Wenzake watatu, Linus Liang, Rahul Panicker na Naganand Murty, walitoka upande wa uhandisi na kompyuta. Walikutana katika kozi ambayo wanafunzi huiita kwa kifupi Extreme, iliyoanza mwaka 2003 chini ya Profesa Jim Patell wa shule ya biashara ya hapo. Kozi huchukua watu wa biashara na watu wa ufundi, huwakabidhi shida ya watu maskini, na huwataka watoke na kitu kinachoweza kuuzwa, na si ripoti. Kama umewahi kununua taa ya sola ya d.light, ujue nayo ilianza kama kazi ya kozi hiyohiyo.

Mwaka 2007 kundi la Chen lilipewa inkubeta. Ya kawaida hufika dola 20,000. Wao watengeneze ya asilimia 1 ya bei hiyo. Kwa mwanafunzi wa kawaida, hiyo ni kazi ya kutoa vipuri kimoja kimoja hadi bei ishuke. Lakini Liang alifunga safari hadi Nepal, na katika hospitali ya Kathmandu akakuta inkubeta za msaada zimekaa tupu. Njiti hawakuwa hapo. Walikuwa wanazaliwa vijijini, mbali na barabara, na wengi hawakufika. Hapo swali likabadilika: inkubeta ya bei nafuu ingemsaidia nini mama aliye milimani, asiye na umeme?

Chen ndiye aliyelisimulia jambo hili kwa watu wengi. Mwaka 2009, kwenye jukwaa la TED mjini Mysore, alianza kwa kuwaomba wasikilizaji wafumbe macho na kufungua viganja. Wafikirie kitu kinachoweza kukaa humo: tofaa, pochi ya fedha. Na je, uhai? Kisha akaonyesha picha ya kichanga. Alieleza jinsi watu wanavyojisaidia kwa chupa za maji ya moto na balbu, vitu ambavyo mara vinaunguza, mara vinapoa. Alimtaja mama mmoja wa kijijini India aliyeambiwa ampeleke mtoto hospitali ya mjini, zaidi ya saa nne njiani, naye hakuwa na uwezo. Mtoto akafa. Ukimsikiliza Chen, unahisi kwamba mama huyo ndiye mwalimu aliyebaki kichwani mwake kuliko maprofesa wote.

Kitu chenyewe nakipenda kwa sababu kinaeleweka hata jikoni. Mtoto analazwa kwenye mfuko usio na mishono, rahisi kusafisha. Mgongoni mwa mfuko kunaingizwa pochi yenye kitu mfano wa nta, kinachoyeyuka kwenye joto la mwili. Fikiria chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya baridi. Mafuta yakiganda hutoa joto lake polepole, na muda wote yanapoendelea kuganda joto halipandi wala halishuki. Nta hii imechaguliwa igande kwenye nyuzi 37 hivi, na kazi hiyo huichukua saa nne hadi sita. Ikipoa unaiyeyusha upya, unairudisha. Jukwaani Chen alitaja bei ya dola 25 hivi.

Baada ya masomo walihamia India, Bangalore. Mwaka 2012 wakaigawa shughuli mara mbili: shirika lisilo la faida la kugawa mifuko, na kampuni ya kuiuza. Hapo ndipo darasa huwa kimya. Toleo lililotangulia sokoni lilikuwa la zahanati na hospitali, pochi yake ikipashwa kwa umeme kwa muda mfupi, maana serikali na madaktari ndio wanaoidhinisha na ndio wenye mafungu ya kununua. Chen amesimulia waziwazi jinsi mwekezaji alivyojitoa dakika za mwisho, fedha zikakauka, hadi bilionea Marc Benioff alipomwokoa. Watoto waliopita kwenye mifuko hiyo wanahesabiwa kwa malaki, na hilo si dogo. Ila mama wa nusu kijiko, aliyefundisha kuliko wote, hakuwa mteja. Mteja alikuwa ofisi ya manunuzi. Je, kozi za biashara zinawafundisha vijana kumsikiliza nani: anayetumia, au anayelipa?

Kuna swali jingine linaloniuma zaidi. Mwaka 1978, madaktari wa Bogotá, Colombia, walipokosa inkubeta za kutosha, waliwafunga njiti kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo njia ya kangaruu wanayoelekezwa mama zetu wodini. Mwaka 2021 utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 wakiwekwa kifuani mara tu wanapozaliwa, bila kungoja hali itulie, vifo hupungua kwa robo. Kifua hakihitaji nta, wala mwekezaji. Na kwa kuwa hakuna anayekiuza, hakina wakala wa kuzunguka na begi wilaya hadi wilaya akikinadi. Watu wa mfuko hawapingi kangaruu. Wanasema mfuko ni msaidizi wake, kwa zile saa ambazo mama ni mgonjwa, amechoka, au lazima apike. Nakubali. Bado najiuliza ni mwanafunzi gani wa biashara angepata alama kwa kuwasilisha kifua cha mama kama mpango wake.

Jumapili nilimfanyia Mama Mkubwa jaribio la Chen. Nilifunga kilo moja na nusu ya sukari ndani ya kipande cha kanga, nikamwomba afumbe macho, afungue viganja. Nikamwekea. Nikamwambia ni njiti.

Hakukaa naye viganjani hata kidogo. Alilegeza kanga yake, akaisukumiza sukari kifuani, akajifunika. Kisha, macho yakiwa bado yamefumbwa, akauliza: “Amezaliwa saa ngapi?”