Kifua Kinauma: Sababu Ni Nini?

Mama, kifua kikiuma, usikimbilie vidonge vya sokoni. Dawa ya kiungulia haiponyi nimonia. Angalia kwanza alama hizi:

1. Ulitwanga ao ulibeba kuni, na ukibonyeza mahali pale panauma zaidi? Ni nyama za mwili zimechoka. Pumzika. Isipopungua, uje tuone.

2. Kunawaka moto katikati ya kifua kisha kula, zaidi ukilala? Ni kiungulia. Wamama wenye mimba wanakipata sana. Ule kidogo kidogo, usilale mara moja.

3. Kunachoma kama kisu ukivuta pumzi, na una homa na kukohoa? Pengine ni nimonia. Uje leo.

4. Unakohoa majuma 2 ao zaidi, unakonda, unatoka jasho usiku? Makohozi yapimwe, pengine ni kifua kikuu.

5. Kifua kinabanwa kama na mzigo mzito, maumivu yanafika mkono ao taya, na jasho baridi? Ao umezaa karibuni, mguu mmoja umevimba, na pumzi inakatika gafula? Pengine ni moyo, ao damu iliyoganda imefika mapafuni. Usingoje asubui. Wakupeleke hospitali sasa hivi.

Na mtoto mdogo je? Yeye hawezi kusema. Akikohoa, umvue nguo, uhesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 ao zaidi kwa mwenye miezi 2 mpaka 11, ao 40 ao zaidi kwa mwenye mwaka 1 mpaka 5, ni alama ya nimonia. Kifua kikiingia ndani chini ya mbavu akivuta pumzi, kimbia naye hospitali.