Majuma Sita Katika Benki

Tangu shule ilipofunguliwa wenzangu wameniuliza mara nyingi, "Je, kule benki uliona fedha nyingi?" Nimeona afadhali niwajibu wote pamoja katika gazeti letu hili, na wazee wetu waliosoma hapa zamani wasome pia, wapate kunisahihisha nilipokosea.

Likizo iliyopita, ile ndefu ya Desemba na Januari, nilipata nafasi ya kujifunza kazi katika tawi la benki moja katika mji wetu wa nyumbani, hapa Uganda. Nilikaa pale majuma sita. Fedha niliziona, lakini sikuzigusa. Mwanafunzi haruhusiwi kuhesabu fedha za wateja, wala kuingia chumba cha hazina. Kazi yangu ilikuwa kupanga karatasi, kupeleka barua kutoka meza hii hadi meza ile, na kuwasaidia wateja kujaza fomu. Hata hivyo nilijifunza mambo matatu, na la tatu nililijua kwa kosa langu mwenyewe.

Jambo la kwanza ni kwamba benki si ghala. Wengi wetu twadhani kwamba mtu akiweka shilingi 1,000,000, noti zake hufungwa kamba na kuandikwa jina lake, zikamngoja mpaka atakaporudi. Sivyo. Noti zake huchanganywa na za watu wengine, na pengine jioni ile ile hupewa mtu mwingine. Kitu kinachobaki na jina lake ni maandishi, yaani benki inakiri kwamba inadaiwa naye shilingi 1,000,000. Sehemu ya fedha hizo huwekwa tayari kwa wale watakaokuja kutoa. Sehemu nyingine huwekwa katika Benki Kuu ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1966, ambayo ndiyo inayoyasimamia mabenki yote nchini. Sehemu nyingine hukopeshwa kwa mwenye duka, kwa mkulima, kwa anayejenga nyumba, na kwa serikali yenyewe. Mkopaji hurudisha pamoja na riba. Riba anayotozwa mkopaji ni kubwa kuliko ile anayopewa mwenye akiba, na kwa tofauti hiyo benki hulipa mishahara, taa na walinzi, na kupata faida.

Basi mtu mwenye akili atauliza, "Je, wateja wote wakija siku moja kudai fedha zao?" Nami nilimwuliza karani mkuu swali hilo. Akanijibu kwamba hakuna benki duniani iwezayo kuwalipa wote saa ile ile, kwa sababu fedha nyingi ziko mikononi mwa wakopaji. Benki husimama kwa kuaminiwa. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1999, Greenland Bank na Cooperative Bank zilipofungwa na Benki Kuu, na jinsi watu walivyohangaika. Siku hizi uko mfuko maalumu wa kulinda amana, ambao humlipa mteja hadi shilingi 10,000,000 ikiwa benki yake imefungwa. Ni jambo jema, lakini mfuko huo hauwezi kuchukua mahali pa uaminifu.

Jambo la pili ni kwamba katika benki hakuna mtu anayeaminiwa peke yake. Mwanzoni niliona kama ni kudharauliana, lakini baadaye nikafahamu. Mlango wa hazina una funguo mbili tofauti, na kila mmoja una mtu wake. Mmoja akichelewa, mwenziwe husimama tu mlangoni. Karatasi ya fedha nyingi hutiwa sahihi na wawili. Tena jioni kila keshia huhesabu fedha zilizo mbele yake na kuzilinganisha na hesabu iliyo katika kompyuta. Jioni moja keshia mmoja alipungukiwa shilingi 50,000. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Walipekua meza, walipekua karatasi, wakahesabu upya vifungu vyote, mpaka ikaonekana noti moja ya 50,000 imegandamana na mwenziwe. Keshia yule alikaa kitini akafuta jasho, nasi tukacheka. Nilirudi nyumbani nikisema moyoni, "Hapa hakuna kosa liwezalo kujificha."

Kumbe lipo, na hilo ndilo jambo la tatu.

Ijumaa moja ya mwezi wa Januari alikuja mzee mmoja mkulima. Watu walikuwa wengi, kwani wazazi wengi walikuwa wakilipa karo. Akaniambia, "Mwanangu, miwani nimeisahau nyumbani. Niandikie." Alikuwa na watoto wawili: binti yake yu katika chuo cha uuguzi, na mwanawe yu katika shule ya sekondari. Alitaka kulipa shilingi 780,000 chuoni na 430,000 shuleni. Nikachukua fomu mbili, nikaandika majina na namba za hesabu sawasawa. Lakini wakati wa kuandika fedha niligeuka kumjibu mtu mwingine, na nilipoinamisha kichwa tena nikaandika 430,000 kwenye fomu ya chuo, na 780,000 kwenye fomu ya shule. Mzee akatia sahihi. Keshia akahesabu noti, akapata shilingi 1,210,000, na fomu mbili zikijumlishwa ni 1,210,000. Akapiga mhuri. Jioni hesabu ikalingana bila upungufu hata wa shilingi moja, nasi tukaenda nyumbani mapema.

Jumatano iliyofuata mzee akarudi pamoja na binti yake. Chuo kilikuwa kimemwambia kwamba imepungua shilingi 350,000, na kwamba asipomaliza kulipa hataingia katika mtihani wa Jumatatu. Mzee alisema kwa sauti kubwa mbele ya watu wote, "Benki hii imekula fedha zangu!" Karani mkuu akamwita keshia, akaanza kumwuliza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, na nilipoziona karatasi zile niliutambua mwandiko wangu.

Wenzangu, nitasema kweli. Hakuna aliyekuwa akinitazama mimi. Sahihi ilikuwa ya mzee mwenyewe, na mhuri ulikuwa wa keshia. Nilifikiri kwamba nikinyamaza jambo litapita. Kisha nikamtazama yule binti. Alikuwa rika langu, ameshika daftari zake kifuani, wala hakusema neno. Nikasema, "Bwana, mwandiko huu ni wangu. Nimezigeuza." Sauti yangu ilikuwa ndogo hata ikabidi niseme mara ya pili.

Nilidhani kwamba sasa watabonyeza kompyuta na kuzirudisha fedha mahali pake. Haiwi hivyo. Fedha zikisha kuingia katika hesabu ya mtu, benki haina ruhusa ya kuzichota bila ridhaa yake, hata kama kosa laonekana wazi. Ingekuwa na ruhusa hiyo, nani angeweka fedha zake huko? Ilibidi ile shule ya sekondari iandike barua ya kukubali, itiwe sahihi na wale wanaoisimamia hesabu yake. Shule ilikuwa imefungwa, na mhasibu alikuwa kijijini kwao. Alipatikana Jumamosi, na barua ikafika Jumatatu asubuhi. Wakati huo Bwana Meneja alikuwa amekwisha kumpa binti barua ya kueleza kosa lilivyotokea, na kwa barua hiyo chuo kikamruhusu kuingia mtihanini. Mimi sikufukuzwa, ila nilionywa, na tangu siku hiyo kila fomu niliyoandika ilisomwa na karani kabla ya kwenda dirishani.

Basi nikafahamu kitu ambacho kitabu cha hesabu hakikunifundisha. Makosa mawili yakiwa sawa, moja likizidi na jingine likipungua, jumla haibadiliki. Kwa hiyo hesabu kulingana si ushahidi kwamba kila shilingi imefika kwa mwenyewe. Shilingi 50,000 za keshia zilitafutwa na watu wanane kwa muda wa saa nzima. Shilingi 350,000 za mzee zilikaa mahali pasipo pake siku tano, na hakuna aliyejua ila msichana aliyekatazwa mtihani.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Ni kweli, lakini nami naongeza kwamba daftari nalo lataka kusomwa. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkienda kulipa karo zenu, someni fomu yote kabla ya kutia sahihi: jina, namba ya hesabu, fedha kwa tarakimu na fedha kwa maneno. Mkiwa na fomu mbili, malizeni moja kwanza. Stakabadhi msiitupe. Hata wale wanaolipa kwa simu, kama watu wengi hapa Uganda wafanyavyo tangu mwaka 2009, wasome jina la mpokeaji kabla ya kubonyeza. Na mzazi akikuambia, "Niandikie," mwandikie, kisha msomee kwa sauti.

Nanyi wazee wetu mlio katika mabenki na maofisi, twawaomba mkiweza mwapokee vijana wa shule hii wakati wa likizo. Tutakosea, lakini tutajifunza.

Juma langu la mwisho yule mzee alikuja tena kuweka akiba kidogo. Nilimwona nikaona haya, nikataka kujificha nyuma ya kabati. Akaniita, "Mwanangu, njoo uniandikie." Nikaandika. Alipoipokea fomu alitoa miwani mfukoni, akaivaa, akafuata kila tarakimu kwa kidole mpaka mwisho, ndipo akatia sahihi.