Gari la Kujifunzia Mbio

Kijana atakaye kujifunza mbio za magari katika uwanja kama Nürburgring wa Ujerumani, wenye njia ndefu ya kilomita 20.8, hutamani kwanza injini kubwa. Hapo ndipo apoteapo. Injini kubwa humfichia dereva makosa yake: akiharibu kona, hukanyaga mafuta katika njia iliyonyoka akaufidia muda, wala hajui alipokosea.

Mwalimu bora ni Mazda MX-5, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Injini yake ya awali ilikuwa ya lita 1.6 tu, na gari zima halikufika tani moja. Kwa hiyo breki na tairi hazichoki upesi. Dereva akiachia mafuta ghafula katikati ya kona, uzito huhamia mbele na magurudumu ya nyuma huanza kuteleza, naye hulihisi jambo hilo mapema.

Mwenye jamaa asimalize akiba yote katika kununua. Abakize fedha za tairi, kofia ngumu, ada ya mwalimu na mafuta mapya ya breki, maana yaliyozeeka huchemka kwa joto, pedali ikazama hadi sakafuni! Tena aisome bima yake: nyingi hazilipi hasara ya uwanjani, na mkewe ana haki ya kulijua hilo kabla fedha hazijatoka benki.