Saratani ya Mlango wa Kizazi: Kisu au Roboti?

Ukishuka kivuko cha Magogoni, hospitali ya saratani ya Ocean Road haiko mbali. Huenda mama akasema, "Ulaya wanapasua kwa roboti. Sisi na kisu chetu, tutapona?"

Roboti haifanyi kazi peke yake. Daktari ndiye anayeiendesha. Vyombo vyembamba huingia tumboni kwa matundu madogo. Kwa njia ya zamani, daktari hupasua tumbo, akatoa kizazi kwa mikono yake.

Mwaka 2018 madaktari wa nchi mbalimbali walitangaza habari za wanawake 631 wenye saratani changa. Wengine walipasuliwa tumbo. Wengine walitobolewa matundu, wachache wao kwa roboti. Baada ya miaka minne na nusu, katika kila 100 waliopasuliwa tumbo, zaidi ya 96 walikuwa hai na ugonjwa haujarudi. Kwa matundu walikuwa 86.

Basi, kukosa roboti si kukosa dawa. Hatari ni kuchelewa. Kisu hufaa ugonjwa ukiwa bado mchanga. Kapimeni mapema, akina mama! Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi. Pakigeuka peupe, pachunguzwe zaidi.