Ekra ya bluu: mbele ya kuformate, uliza kwanza mashini inaumwa wapi

Wenzangu balisensie, na ninyi wadogo ambao muko mbioni na TFC ao memwari, hii naandika juu yenu.

Kwetu huku, mashini ikianguka mara mbili tatu na ile ekra ya bluu, jibu ni moja tu: "Tuiformate." Fundi anaformate, unalipa, unaweka tena Word na Excel, na kisha wiki mbili ekra ya bluu inarudia. Unarudi kwa fundi, anaformate tena, unalipa tena. Mimi nilisoma agronomia, si informatike. Lakini hii tabia naijua vizuri. Ni sawa na mulimaji anayeona mahindi yake imekuwa manjano, naye anakimbia kununua dawa ya wadudu. Manjano si ugonjwa, ni alama. Inaweza kutoka kwa udongo uliokosa azoti, ao maji yaliyosimama kwenye mizizi, ao virusi inayoletwa na kadudu kadogo. Dawa ya moja haiponyeshi ingine.

Ekra ya bluu nayo ni manjano ya majani. Haisemi "niformate". Inasema: kuna kitu kinaniumiza, kitafute.

Ile ekra inatoka wapi?

Ndani ya Windows kuna kiini, wafaransa wanakiita noyau. Kile njo kinaongoza memori, disiki, klavie, ekra, vyote. Programu ya kawaida kama Word ikikosea, kiini kinaifunga yenyewe na mashini inaendelea. Lakini kosa likitokea ndani ya kiini, ao ndani ya piloti (ile programu ndogo inayofanya Windows isikilizane na kifaa fulani), Windows haiwezi tena kuamini kile iko nacho katika memori. Ikiendelea, inaweza kuandika uongo juu ya disiki yako. Kwa hiyo inajizima yenyewe kwa makusudi. Ni kama fizibo inayokatika ili nyumba isiungue: inaudhi, lakini iko kazini.

Na musifikiri ni aibu ya mashini za okazioni peke yake. Tarehe 20 Aprili 1998, Bill Gates alikuwa mbele ya watu kule Chicago akionyesha Windows 98. Walichomeka skana, na ekra ya bluu ikatokea palepale. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama CrowdStrike ilituma faili moja mbaya kwa wateja wake, na mashini karibu milioni 8.5 za Windows zikaanguka duniani kote. Ndege zilibaki chini, hospitali na benki zilisimama. Waliponaje? Kwenye mashini nyingi hawakuformate hata kidogo: waliwasha katika hali ya usalama, wakafuta ile faili moja, basi. Walijua kitu gani kinaumiza, njo maana dawa ilikuwa ndogo.

1. Linda mbegu kwanza

Mbele ya kugusa chochote, toa kazi yako ndani ya mashini. Memwari, karatasi za mahojiano, picha za shamba, vyote weka juu ya kle USB ao disiki ya inje. Kisha faili ya Word peke yake jitumie kwa barua pepe ao WhatsApp. Faili ya maandishi bila picha ni nyepesi, haikuli mega nyingi. Mahali pawili, hapana pamoja. Mtu wa Kilwa anajua: kutoka huku mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 300, na wakati wa mvua barabara inajiamulia yenyewe. Disiki ikikufa huku, hakuna laboratwari karibu ya kuifufua.

2. Andika alama

Mudogo mumoja wa agronomia alikuja kwangu mwaka ule alikuwa anamaliza kazi yake juu ya mihogo.

"Yaya, mashini imekufa tena."
"Iliandika nini?"
"Iliandika tu kwamba kuna problème."
"Na chini yake?"
"Sikuangalia, ilijizima mbio."

Pale chini njo kuna jina la ugonjwa. Juu, Windows ya kifaransa inaandika kwamba PC imepata problème na lazima iwashwe tena. Chini, kwa herufi kubwa, kuna kodi kama MEMORY_MANAGEMENT. Kwa Windows 11 mpya, tangu 2025, ekra yenyewe imekuwa nyeusi, lakini kodi iko bado.

Kama inajizima haraka sana, fanya hivi: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia "Paramètres système avancés", kisha "Démarrage et récupération", na utoe alama kwenye "Redémarrer automatiquement". Sasa ekra itakungojea mpaka upige picha na telefone.

Kama ilikwisha kupita, bonyeza tena Windows na R, andika perfmon /rel. Utaona kalenda ya mashini yako, na kila siku ya anguko iko na alama nyekundu. Ile kalenda ni daftari la shamba. Ongeza yako mwenyewe: saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, ulikuwa kwenye batri ao kwenye umeme, umeme wa pano ao wa grupi, na kitu gani kipya uliweka ile wiki.

3. Soma kodi, lakini usiisome kama unabii

Kodi haitoi hukumu, inaonyesha tu upande wa kutafuta.

• MEMORY_MANAGEMENT ao PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA: anzia kwa RAM, kisha piloti.
• KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR: Windows ilishindwa kusoma kitu kwenye disiki. Kopia data yako leo, usingoje kesho.
• CRITICAL_PROCESS_DIED: mara nyingi ni faili za Windows zimeharibika, ao disiki inachoka.
• DRIVER_POWER_STATE_FAILURE: piloti inakosea wakati mashini inalala ao inaamuka.
• VIDEO_TDR_FAILURE: upande wa karte ya picha, piloti yake ao joto yake.
• WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR: chuma chenyewe kinalalamika, prosesa, umeme ao joto.

Kuna kanuni moja inayosaidia sana. Kodi ileile ikirudia kila mara, na jina la faili linaloishia na .sys liko pembeni, shuku ile piloti. Kodi zikibadilika kila siku bila mpangilio, shuku RAM.

4. Jaribu kitu kimoja kimoja

Katika shamba la majaribio, ukibadilisha mbegu, mbolea na siku ya kupanda kwa mara moja, hautajua nini ilileta mavuno. Mashini ni vilevile. Badilisha kimoja, tumia siku mbili tatu, andika, kisha pita kwa ingine.

*Vitu vipya.* Toa antivirusi ya pili kama ziko mbili, juu zinagombana ndani ya kiini. Toa programu uliyoweka karibu na siku ya anguko la kwanza. Kama piloti ilibadilishwa, ingia "Gestionnaire de périphériques" na urudishe ya zamani.

*Faili za Windows.* Fungua "Invite de commandes" kama administrateur. Andika sfc /scannow. Ikisema imeshindwa kutengeneza, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha rudia sfc. Ile ya DISM mara nyingi inaomba intaneti.

*Disiki.* chkdsk C: /f inarekebisha mpangilio wa faili, mashini ikiwashwa tena. Ukiongeza /r inatafuta na sehemu zilizokufa, na inaweza kukamata saa nyingi. Usiianze kama umeme haueleweki. Na kama unashuku disiki inakufa, kopia data kwanza, juu kazi ile inaichosha zaidi.

*RAM.* Bonyeza Windows na R, andika mdsched. Mashini itajizima na kujichunguza. Ikipata kosa, imekwisha kusema. Isipopata, usiamini bado.

Yule mudogo wa mihogo, kodi zake zilikuwa zinabadilika: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho ingine. Mashini yake ilikuwa imeformatewa mara mbili. Mdsched haikuona kitu. Tukafungua chini, ndani kulikuwa bareti mbili za RAM. Tukatoa moja, akafanya kazi siku mbili: hakuna anguko. Tukatoa ile na kuweka ya kwanza: mbele ya saa moja, bluu. Tukasafisha meno yake, tukajaribu tena, bluu. Ile bareti tuliiweka kando. Alimaliza kazi yake na bareti moja, pole pole lakini bila kuanguka. Ungeformate mara kumi, bareti mbaya ingebaki palepale.

5. Magonjwa ya huku kwetu

*Joto na vumbi.* Kiangazi kinaleta vumbi nyekundu, na Oktoba inaongeza joto. Vumbi linaziba feni, prosesa inaungua. Joto peke yake mara nyingi inazima mashini ghafula bila ekra yoyote, lakini inaweza pia kuleta bluu, hasa upande wa karte ya picha. Usitumie mashini juu ya kitanda ao blanketi. Kila kiangazi, fungua ama ufungulishe, usafishe feni na pinselu kavu. Mashini ya miaka mingi inahitaji pia pâte thermique mpya.

*Umeme.* Laptopu yenye batri nzima inavumilia umeme mbaya, juu batri inakaa katikati. Lakini wengi wetu batri ilikufa zamani, mashini inaishi paka kwenye chaja. Grupi ikizimika wakati Windows inaandika kwenye disiki, faili inabaki nusu. Rudia ile mara ishirini, na CRITICAL_PROCESS_DIED itakuja. Pale, kununua batri ni dawa, kuformate ni kupaka rangi juu ya ukuta ulioloa.

*Windows za kuvunjwa.* Programu ya kuvunja lisansi, na zile paki za piloti za kila mashini, zinaweza kuingia mpaka ndani ya kiini. Piloti kamata kwa site ya aliyetengeneza mashini yako. Na mujue kwamba Windows 10 ilimaliza masasisho yake ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025.

6. Ikikataa ata kuwaka

Izime kwa nguvu mara tatu wakati inaanza kuwaka, Windows itafungua ekra ya matengenezo. Pita "Dépannage", "Options avancées", "Paramètres", "Redémarrer", kisha ubonyeze 4. Hiyo njo hali ya usalama: Windows na piloti chache tu. Mashini zingine zitaomba ufunguo wa BitLocker wa tarakimu 48, kwa hiyo uutafute leo kwenye konti yako ya Microsoft, mashini ikiwa bado nzima. Kama katika hali ya usalama haianguki, RAM na disiki si za kwanza kushukiwa. Tafuta piloti ao programu.

Kuformate si zambi. Kuko wakati wake: kama RAM na disiki zimechunguzwa, piloti zimesafishwa, sfc na DISM zimeshindwa, ao kama kuna virusi kila pahali. Pale formate, na data yako iko salama inje.

Na ukipeleka mashini kwa fundi, usiseme "inaleta bluu". Mupe karatasi: kodi, tarehe, ulikuwa unafanya nini, umekwisha kujaribu nini. Fundi muzuri atafurahi. Na ule atakayejibu "tuiformate tu" bila kusoma ile karatasi, kamata mashini yako, sema asante, na utafute mwingine.