Kompyuta Inapokataliwa Kujiunga na Kikoa cha Ofisi

Mahali penye kompyuta mbili au tatu, kila moja yaweza kujitegemea: ina watumiaji wake, maneno yake ya siri na majalada yake. Zikifika ishirini au mia, utaratibu huo huleta vurugu. Mtumishi akihamishwa, hapana budi jina lake lifutwe katika kila mashine aliyoitumia. Ikisahauliwa moja tu, mlango umebaki wazi. Ndiyo maana ofisi kubwa huziweka kompyuta zake katika kundi moja liitwalo kikoa. Neno lenyewe ni la zamani: watu waliokula kikoa walipatana kuchangia chakula na kukila pamoja. Katika kikoa cha kompyuta, kitu kinachoshirikiwa ni uaminifu. Seva moja au zaidi hutunza daftari la watumiaji na mashine zote, na kompyuta zote hulikubali daftari hilo.

Mfumo wa namna hii unaojulikana sana maofisini ni Active Directory, ambao kampuni ya Microsoft iliutoa pamoja na Windows 2000. Mfumo huo umejengwa juu ya misingi iliyoutangulia. Mmoja ni mfumo wa majina ya mtandao, uitwao DNS kwa kifupi, ambao Paul Mockapetris aliubuni mwaka 1983. Mwingine ni Kerberos, utaratibu wa kuthibitisha watumiaji uliobuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, katika miaka ya 1980.

Msomaji na afikirie ofisi ya Kata ya Masukulu, wilayani Rungwe, yenye kompyuta inayotakiwa kujiunga na kikoa ambacho seva yake iko Tukuyu, makao makuu ya wilaya. Karani aandika jina la kikoa, angoja kidogo, kisha kioo chamjibu kwamba kikoa hakikupatikana. Fundi asiye na utaratibu ataanza kubahatisha, huku mwananchi aliyekuja kutafuta huduma akisubiri bencheni. Fundi mwenye utaratibu hufuata njia ileile ambayo kompyuta yenyewe huipita. Njia hiyo ina hatua nne: kufika, kuuliza jina, kulinganisha saa, na kuonyesha ruhusa.

Hatua ya kwanza ni kufika. Kila kompyuta katika mtandao hupewa anwani ya namba. Kama anwani yake inaanza na 169.254, maana yake ni kwamba kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo kosa si la kikoa. Litafutwe katika waya, katika ruta, au katika kifaa kinachogawa anwani. Anwani ikiwa sahihi, fundi hutumia amri ya ping kuiita seva kwa namba yake. Seva ikiitika, njia ipo. Isipoitika, jambo halijaamuliwa bado, kwani seva nyingine huwekwa makusudi zisijibu wito huo.

Hatua ya pili ni kuuliza jina, na hapa ndipo wengi hukwama. Kompyuta haijui seva ya kikoa iko wapi, huuliza DNS, "Ni nani mwenye kikoa hiki?" Ikiwa imeelekezwa kuuliza seva ya majina ya hadhara, kama ile ya Google yenye anwani 8.8.8.8, itapata majibu ya tovuti zote za dunia, lakini haitapata jibu la kikoa cha ndani. Ni sawa na kumwuliza mkuu wa posta wa Dar es Salaam dawati la karani fulani ndani ya shule moja ya Rungwe: mji wote anaujua, chumba hicho hakijui. Ndiyo sababu mtu husema, "Intaneti inafanya kazi, basi mtandao ni mzima," na bado kikoa hakionekani. Dawa yake ni kuielekeza kompyuta iulize seva ya majina ya kikoa chenyewe.

Hatua ya tatu ni saa. Kerberos humpa mtumiaji tiketi yenye muda maalumu, ili mwizi akiinasa asiweze kuitumia baadaye. Kwa kawaida, saa za pande mbili zikitofautiana kwa zaidi ya dakika 5, tiketi yaweza kukataliwa. Betri ndogo iliyo ndani ya kompyuta ikiisha nguvu, saa hurudi nyuma kila umeme unapokatika. Lakini kuna kosa lililojificha zaidi. Saa tatu asubuhi ya Rungwe huandikwa 9:00 katika kompyuta, nayo ni saa 6:00 kwa saa za dunia, kwa kuwa Tanzania imetangulia kwa saa 3. Kompyuta ikiwekwa katika ukanda wa Greenwich, kisha mtu akaandika 9:00, kioo kitaonyesha saa iliyo sawa na ya ukutani, lakini ndani yake mashine imekosea kwa saa 3. Na anayeandika 3:00 kwa kufuata hesabu ya Kiswahili huikosesha kwa saa 6. Yafaa basi kutazama tarehe, saa na ukanda, vyote vitatu.

Hatua ya nne ni ruhusa. Toleo la Windows liitwalo Home haliwezi kujiunga na kikoa cha namna hii. Jina la kompyuta lisifanane na la mashine nyingine, na lisizidi herufi 15. Anayeiunganisha naye awe amepewa mamlaka ya kufanya hivyo.

Hapa pana kishawishi. Kazi inapokwama, wengine huzima ukuta wa ulinzi wa kompyuta, au msimamizi humpa karani neno lake la siri kwa simu. Pengine mashine itajiunga, lakini daftari lote litakuwa mikononi mwa yeyote aliyelisikia neno hilo. Taarifa za wananchi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sheria haiwezi kufunga mlango ambao mwenye ufunguo ameuacha wazi. Karani apewe mamlaka ya kazi hiyo moja tu, kwa jina lake mwenyewe.

Walimu wenye kompyuta mbili zilizounganishwa waweza kuwafundisha wanafunzi jambo hili bila ya kuwa na kikoa. Kompyuta moja iite nyingine kwanza kwa namba, kisha kwa jina, na matokeo yaandikwe katika safu mbili. Namba ikiitika na jina lisiitike, mwanafunzi ameijua hatua yenye kosa kabla ya kugusa waya wowote. Abadili kitu kimoja tu, ajaribu tena, aandike. Utaratibu huo ndio unaotumika katika maabara ya kemia, na ndio utakaomwepusha fundi wa Masukulu na safari ya bure ya kwenda Tukuyu.